Glavu zilizorudishwa kutoka karakana

Genge la nyanya na vitunguu lilikuwa limelipa vizuri wiki hiyo, hivyo mama wa Tandika, jijini Dar es Salaam, akapita dukani kumnunulia bintiye glavu za ngozi. Alichagua zile nene na ndefu wanazovaa wachomeleaji. Binti ana miaka 20, yuko hatua ya tatu ya mafunzo ya ukerezaji wa vyuma katika chuo cha ufundi, na kila jioni alikuwa akirudi na mikwaruzo vidoleni.

Kesho yake jioni glavu zilirudi nyumbani ndani ya mfuko uleule. Mwalimu wa karakana alikuwa amezikataa.

"Mwalimu gani huyo anayemzuia mtoto kukinga mikono yake?" mama aliuliza kwa hasira. Tangu mwanzo alitaka binti asomee ushonaji. Sasa alikuwa amepata sababu.

Ni hasira inayoeleweka, lakini mwalimu alikuwa sahihi. Kwenye mashine ya kukereza, ambayo mafundi wengi huiita lethi, kipande cha chuma hubanwa kwenye kishikio kinachoitwa chaki (si ile ya kuandikia ubaoni) kisha huzungushwa mamia ya mara kwa dakika, wakati mwingine zaidi ya elfu. Kisu cha mashine husogezwa taratibu na kukimenya chuma kama mtu anavyomenya chungwa. Kidole kitupu kikigusa chuma hicho kitachubuka au kukatika ngozi, na mwenyewe atauvuta mkono. Glavu ikigusa, hunaswa. Haichaniki kirahisi, basi huvutwa na mashine ikiwa na mkono ndani yake, kabla mwenye mkono hajajua kinachotokea. Ngozi ile nene aliyoilipia mama ndiyo ingekuwa kamba ya kumvutia mwanawe ndani.

Kwa sababu hiyo hiyo pete, bangili, saa, mikono mirefu ya shati na rasta zinazoning'inia haziruhusiwi karibu na mashine inayozunguka, iwe lethi au drili. Wasichana wanaovaa hijabu huchomeka ncha zote ndani ya ovaroli. Msasa nao hauzungushiwi kidoleni wakati wa kung'arisha shafti. Na ufunguo wa chaki hautoki mkononi mpaka umerudishwa mahali pake, maana ukisahaulika kwenye chaki kisha mashine ikawashwa, hurushwa kama jiwe la teo.

Hata hivyo jicho la mama halikukosea kabisa. Mwalimu alipoambiwa kwa nini glavu zilinunuliwa, aliomba aone vile vidole. Mikwaruzo ilitokana na binti kuondoa mabaki ya chuma kwa mkono. Mabaki hayo hutoka kama nyuzi zilizojikunja, na kingo zake zina makali ya wembe. Huondolewa kwa brashi au ndoano, mashine ikiwa imezimwa. Glavu zina nafasi yake pia: kubeba vyuma vyenye makali kutoka stoo, kabla mashine yoyote haijawashwa.

Huko nyumbani watu hawakuwa wanajua hasa binti anasoma nini. "Anachonga vyuma," ndilo jibu ambalo majirani walipewa. Hatua aliyofikia sasa ni zaidi ya kuchonga. Shafti ya milimita 25 inayotakiwa kukaa ndani ya beringi mara nyingi huruhusiwa kukosea kwa sehemu 13 tu za elfu moja za milimita. Unywele wa mtu ni mnene kuliko kosa hilo mara kadhaa. Ikizidi, beringi haiingii bila kupigwa nyundo. Ikipungua, inacheza, inapata moto, na mashine ya kukamulia alizeti ya mtu huko Singida inasimama katikati ya msimu.

Kipimo chake ni maikromita. Ukizungusha kishikio chake mzunguko mmoja, ncha husogea nusu milimita, na mzunguko huo umegawanywa kwa mistari midogo 50, kila mstari ni sehemu moja ya mia ya milimita. Mwanafunzi hujifunza kusoma mistari, lakini hujifunza pia kuhisi kwa vidole: akibana mno, kipimo kinadanganya. Anajifunza pia kusubiri. Shafti nene ya milimita 50 iliyotoka kukatwa, ikiwa na joto la nyuzi 40 kuzidi la karakana, huwa imevimba kwa zaidi ya sehemu mbili za mia za milimita. Ukiipima ikiwa moto na kuiona iko sawa, ikipoa itakuwa ndogo, na chuma kilichokwisha kukatwa hakirudishwi.

Ndiyo maana wakerezaji wazuri huonekana kama watu wa polepole. Lakini hamu ya kupata kipimo kamili nayo ina hatari zake. Wapo wanaojaribiwa kupima shafti ikiwa bado inazunguka. Na wapo wanaoinua miwani ya kujikinga mpaka kwenye paji la uso ili waione vizuri mistari ya maikromita, kisha wakasahau kuishusha.

Hilo ndilo lililompata binti. Miwani aliyokuwa akivaa ilikuwa imekwaruzika hadi ikawa kama kioo chenye ukungu. Aliiinua asome kipimo. Mwenzake wa mashine ya pili alikuwa akisafisha meza kwa upepo wa kompresa, jambo ambalo halitakiwi, na chembe ikaruka. Binti alihisi kitu kama mchanga, akapepesa, akaendelea na kazi. Maumivu ya kweli yalianza usiku.

Nyumba nzima iliamka na kila mtu alikuwa na dawa. Wifi yake, mwenye kichanga cha miezi miwili, alijitolea kumkamulia maziwa ya mama jichoni. Bibi alitaka kuitoa chembe kwa ncha ya khanga. Mjomba, aliyekereza vyuma Gerezani kwa miaka mingi, alisema fundi mwenzake huwatolea watu kwa sindano na hamalizi dakika mbili.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayofaa. Maziwa ya mama ni chakula bora cha mtoto, lakini kwenye jicho lenye jeraha hayategemewi kuua vijidudu na yanaweza kuwaongeza. Khanga hukwaruza. Sindano ya fundi, hata mkono wake ukiwa mtulivu kiasi gani, inagusa kioo cha jicho ambacho unene wake ni karibu nusu milimita tu katikati. Fundi asiyekubali shafti ikosee kwa sehemu mbili za mia hapaswi kukubali hilo.

Chembe iliyo juu juu huoshwa kwa maji safi mengi yanayotiririka, bila kusugua jicho. Isipotoka, au maumivu na wekundu vikibaki, ni hospitali, na si baada ya siku tatu. Chuma huanza kutoa kutu ndani ya jicho lenye unyevu, pengine siku hiyo hiyo, na kutu hiyo huacha duara ambalo nalo linatakiwa kuondolewa. Ikiwa chembe ilikuja kwa kasi, kwa mfano kutoka kwenye nyundo au grenda, na mtu anaona ukungu, au mboni ya jicho imebadilika umbo, inawezekana imetoboa na kuingia ndani. Hapo usioshe, usibonyeze, usivute chochote. Funika jicho kwa kitu kigumu kisichogusa jicho lenyewe, kama kitako cha kikombe cha karatasi, na uende hospitali mara moja.

Mama ndiye aliyekata shauri. Alifunga khanga, akamshika bintiye mkono wakaenda. Daktari alitia dawa ya ganzi, akatia rangi inayong'aa chini ya mwanga wa buluu ili kuona kidonda, akaitoa chembe kwa kifaa chembamba akitazama kwa darubini. Walirudi na dawa ya kuzuia maambukizi na tarehe ya kurudi kuangaliwa. Jicho lilipona. Aliambiwa jambo moja la kukumbuka maisha yake yote: siku yoyote akitakiwa kufanyiwa kipimo cha MRI, aseme kwamba amewahi kuingiwa na chuma jichoni, maana sumaku ya mashine hiyo inaweza kusogeza kipande kilichobaki ndani.

Kuhusu mjomba, kuna jambo familia ilikuwa imelitafsiri vibaya kwa muda mrefu. Alionekana mwenye dharau. Watoto wakimwamkia "shikamoo" kutoka nyuma yake, haitikii. Televisheni huiweka sauti mpaka jirani anafuata taarifa ya habari bila kuwa na yake. Huo si ukorofi. Kelele za karakana zikizidi desibeli 85 kwa saa nane kila siku, miaka ikipita huua vinyweleo vidogo ndani ya sikio, na haviotI tena. Zinazoanza kupotea ni sauti nyembamba, zile za herufi kama s, f na t, kwa hiyo mtu husikia kwamba ameitwa lakini haelewi ameambiwa nini. Kipimo cha haraka hakihitaji kifaa: ikiwa inabidi upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mita moja akusikie, hapo pana kelele ya kudhuru. Pamba ya kawaida haisaidii sana. Zinatakiwa plagi za masikio au vifuniko vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Simu yenye muziki masikioni ni hatari mara mbili, kwa sababu waya hunaswa na fundi hasikii mashine inapobadilisha mlio.

Kisha kuna ngozi, ambayo familia ndiyo huiona kwanza. Maji meupe kama maziwa yanayomwagiwa chuma ili kipoe ni mafuta yaliyochanganywa na maji. Yakikaa siku nyingi bila kubadilishwa, bakteria huzaliana humo, na Jumatatu asubuhi karakana hunuka yai viza. Mikono inayolowa humo kila siku hukauka, hupasuka na kuwasha. Wengi huosha kwa petroli au mchanga na kuzidisha tatizo. Sabuni ya kawaida, maji, kisha mafuta ya kupaka, vinatosha. Kitambaa chenye oili hakikai mfuko wa suruali: mafuta ya madini ambayo hayajasafishwa vya kutosha yamewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani ya ngozi, na mfuko wa suruali hukaa karibu na sehemu zenye ngozi laini. Ovaroli hukung'utwa nje na kufuliwa peke yake. Hapo nyumbani zilikuwa zikilowekwa beseni moja na nepi za kichanga cha wifi. Sasa zina beseni lao.

Baada ya wiki mbili mama alirudi dukani na glavu zake, akaomba kubadilishiwa. Muuza duka alikataa, eti mfuko umeshafunguliwa. Akatoa fedha nyingine akanunua miwani ya kujikinga, safi, yenye vizuizi vya pembeni, akamwambia bintiye aivae nyumbani kwanza aone kama mistari ya maikromita inasomeka bila kuiinua. Ilisomeka. Mwalimu aliipokea miwani hiyo bila neno.

Habari za ushonaji hazijatajwa tena, ingawa mama hajasema kwamba ameridhika. Mwezi uliopita binti alileta nyumbani shafti na bushi alizotengeneza kwa mtihani. Mama alizitia moja ndani ya nyingine, akajaribu kuzitikisa, hazikucheza. Akazitia tena. Glavu za mchomeleaji ziko jikoni, anazitumia kuepulia sufuria la maharage kwenye jiko la mkaa.