Usinunue Subaru kama kwenu hakuna barabara

Kila Aprili NFL wakifanya drafti, ubishi ni ule ule: mkimbiaji, yule jamaa anayepewa mpira mkononi apenye nao katikati ya majamaa wa zaidi ya kilo 100, anafaa kuchaguliwa mapema? Mimi nasema hapana. Na si eti kwa sababu hana maana.

Cheki Saquon Barkley. Giants walimchukua nambari 2 mwaka wa 2018. Msimu wa kwanza tu, yadi 2,028, ukijumlisha mbio na pasi alizodaka. Giants je? Mechi 16, walishinda 5. Miaka sita aliyokaa pale, walifika mtoano mara moja.

2024 mkataba ukaisha, akasaini Eagles. Hawakutumia drafti kumpata. Kule akakuta ukuta, kina Lane Johnson na Jordan Mailata wakimfungulia njia. Akakimbia yadi 2,005, kisha akabeba Super Bowl. Mtu ni yule yule, miguu ni ile ile. Kilichobadilika ni barabara.

Shida ndio hiyo. Kwa drafti, timu mbovu ndizo huchagua kwanza, na timu mbovu mara nyingi haina ukuta. Yaani anayeweza kumpata mkimbiaji bora ndiye hana mahali pa kumkimbiza. Mwaka huo huo wa 2018, Browns walingoja hadi nambari 35 wakampata Nick Chubb. Huyo alipita yadi 1,000 misimu minne mfululizo, 2019 hadi 2022.

Najua utaniambia Lions walimchukua Jahmyr Gibbs nambari 12 mwaka wa 2023 na ikalipa. Kweli. Lakini miaka miwili kabla walikuwa wamemchukua Penei Sewell, mtu wa ukuta. Walijenga barabara kwanza.

Na mwili wa mkimbiaji ni mtaji unaoisha. Barkley aliumia goti vibaya 2020, akiwa bado kwa mkataba wa kwanza. Miaka yake ya nguvu iliishia kwa timu iliyokuwa inapoteza. Kumchagua mapema bila ukuta ni kumchoma tu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikaitwa mzembe. Mzembe huyo huyo leo analipa kodi ya nyumba na kamera. Kwa hivyo nikisikia mtu anasema Barkley "alifufuka" akiwa Eagles, nauliza: kwani alikuwa amekufa lini?

Sasa wewe, ungekuwa bosi wa Giants 2018, ungechagua nani?