Jasho la Bibi Katika Wimbo

Pengine vijana wako wanaupenda muziki wa kufokafoka, nawe huuona kuwa makelele matupu. Basi mfikirie Arivu, kijana wa Arakkonam katika jimbo la Tamil Nadu, Bara Hindi. Mwaka 2018 alipanda jukwaani mjini Chennai pamoja na Casteless Collective, kikundi kilichochanganya ufokaji na gana, nyimbo za vitongoji vya makabwela ambazo huimbwa hata matangani. Waliushambulia waziwazi ubaguzi wa matabaka ya kuzaliwa.

Sifa zilimfikia Machi 2021, kwa wimbo "Enjoy Enjaami" alioimba na Dhee. Humo mna historia ya bibi yake, aliyefanya kazi katika mashamba ya chai ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha akarudi India bila ardhi.

Agosti mwaka huo huo, gazeti moja la muziki lilimpamba Dhee jaladani pamoja na msanii mwingine. Arivu hakuwamo! Watu walipolalamika, ndipo naye akatolewa jalada lake. Julai 2022 wimbo ukaimbwa Chennai kwenye ufunguzi wa mashindano ya dunia ya sataranji, naye hakuwapo. Safari hii aliandika mwenyewe hadharani kudai kazi yake.