"Hakuna rezo" si jibu la kumpa mama aliyehama

Hapa Shituru, "hakuna rezo" limekuwa jibu la kila shida. Mama aliyehama na watoto anaenda kwenye nyumba ya intaneti kutafuta habari za mume aliyebaki nyuma. Anaambiwa hakuna rezo, anarudi kwa miguu, na kesho tena hivyo hivyo. Hakuna anayemweleza kama shida iko kwenye simu yake, kwenye mashini za pale, ama kwa kampuni inayoleta mtandao.

Fundi angeweza kujua kwa dakika chache. Kila ordinatere na kila simu iliyoungwa pale ndani ina anwani yake ya namba, mara nyingi kati ya 192.168.1.1 na 192.168.1.254. Iko amri ndogo inayoitwa ping, ambayo Mmarekani Mike Muuss aliiandika Desemba 1983. Inabisha hodi kwenye anwani moja na kungoja jibu.

Kubisha milango 254 kwa mkono kunachosha. Lakini programu ya mistari minne au mitano inatosha: anza na 1, bisha hodi, ngoja sekunde moja, andika kama amejibu, ongeza moja, endelea mpaka 254. Hata wote wakinyamaza, kazi inaisha kwa dakika nne na kidogo. Kisha bisha kwenye anwani iliyo nje. Kama za ndani zinajibu na ya nje imenyamaza, shida iko kwenye njia ya kutokea. Kama za ndani pia zimenyamaza, fundi aanze na waya na umeme wake mwenyewe kabla ya kulaumu kampuni.

Tukumbuke tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi. Intaneti ilikatwa nchini, ikakaa karibu siku 20. Mtu mwenye simu mkononi hakuweza kujua peke yake kama imeharibika ama nchi nzima imefungwa. Miradi kama IODA huko Marekani inapima nchi nzima kwa njia hii hii, ikibisha hodi kwenye makundi ya anwani kila dakika 10.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, fundi apime mtandao wake tu. Kubisha kwa wengine bila ruhusa kunaleta mashaka. Pili, mashini nyingine zimepangwa zisijibu, kwa hiyo kunyamaza hakumaanishi imekufa. Familia zilizohama zinalijua hilo kuliko fundi yeyote: namba isiyopokelewa leo inaweza kupokelewa kesho.

Kwa hiyo wenye nyumba za intaneti, shule na parokia zenye mtandao wabandike karatasi mlangoni kila asubuhi: saa ya kupima, anwani ngapi zimejibu, na kama ya nje imejibu. Mama akisoma kwamba njia ya nje imekatika, atabaki na watoto wake. Akisoma kwamba iko wazi, atajua aangalie simu yake, ama ampigie mtu mwingine wa kule alikotoka.