Safari Hupimwa kwa Mwenye Hatua Fupi



Mwezi huu nimepokea kutoka Mombasa ratiba ya safari. Mpwa wangu, kijana wa miaka 22, ataka likizo ya Disemba aje huku Eldoret pamoja na mamake, kisha sote watatu twende kwa miguu hadi Ziwa Baringo: siku nne, kilomita 40 kila siku. Chini ya ratiba hiyo dada yangu ameongeza mstari mmoja kwa mkono wake: "Nyinyi tembeeni, mimi nitapanda gari niwangoje ziwani."

Mstari huo umenifanya niipange safari upya. Dada ana miaka 54 na magoti yake yameanza kumsumbua, lakini yeye ndiye aliyeitamani safari hii kabla yetu sote.

Masharti ya kwanza huwekwa na nchi yenyewe. Iten, kilomita 35 hivi kutoka Eldoret, iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hapo ardhi hukatika ghafula na kuporomoka zaidi ya mita elfu moja hadi Bonde la Kerio. Ukivuka mto kwenye daraja la Cheploch, wapanda upya hadi Kabarnet, mji ulio juu ya milima ya Tugen, kisha washuka tena hadi Marigat na ziwani, kwenye mita 1,000 hivi.

Sisi watu wa pwani tukisikia habari za bara huogopa baridi, tukafungasha masweta. Baridi ya huku sweta moja laitosha. Yanayomwangusha mgeni ni mambo matatu mengine. La kwanza ni hewa: Iten, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa takriban robo kuliko Mombasa, na mwili wahitaji siku kadhaa kuizoea. La pili ni mteremko. Kupanda huchosha kifua, bali kushuka ndiko kunakoumiza goti, kwa kuwa kila hatua hulibebesha uzito wa mwili wote. La tatu ni joto la bondeni, ambalo huja pale pale unapodhani kazi imekwisha.

Basi ratiba mpya ni hii. Wageni watalala kwangu siku mbili bila ya safari yoyote. Kisha matatu itatufikisha Iten, na hapo ndipo zitaanza siku saba za miguu. Siku ya kwanza ni fupi, hadi Tambach. Ya pili twamaliza mteremko hadi Biretwo, kila mtu na fimbo yake mkononi. Ya tatu twavuka bonde hadi Cheploch. Ya nne twapanda Kabarnet. Ya tano na ya sita twashuka hadi Marigat, na ya saba twafika Kampi ya Samaki, kando ya ziwa.

Kabarnet tutalala usiku wa tatu, wa nne na wa tano. Jioni gari litatuchukua pale tulipokomea, na asubuhi litaturudisha papo hapo. Kwa njia hii mizigo hailali mgongoni, na anayeamka na goti lililovimba aweza kubaki kitandani bila ya kuwaharibia wenziwe siku. Bondeni tutaondoka mara tu baada ya alfajiri, kila mtu na maji lita tatu au nne, na ifikapo saa 5 tuwe kivulini hadi alasiri. Kwenye lami tutatembea upande wa kulia, ili malori yatujie usoni na si mgongoni.

Mpwa wangu amelalamika: "Mjomba, kupanda matatu hadi Iten ni kudanganya." Nimemkumbusha kwamba Baringo si ngeni kwa watu wa pwani. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili ilipiga kambi Njemps, kusini mwa ziwa, kwa sababu wenyeji wake, Wailchamus, walilima nafaka kwa mifereji na waliweza kuwauzia wasafiri chakula. Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883, na msafara wa Teleki wa 1887 na 1888 ulikuwa pamoja na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua njia. Wazee hao walipanga vituo kwa kufuata maji na chakula. Na wahenga wametuonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Mwendo wa kijana wa miaka 22 si nyota ya mamake.

Yako mengine yasiyofanyiwa mzaha. Miteremko hii huporomoka wakati wa mvua. Aprili 2020 maporomoko yaliua watu Chesongoch, kaskazini ya njia yetu. Ndiyo maana twaingoja Disemba ikaribie mwisho. Sehemu za Kerio na Baringo zimeteswa na wizi wa mifugo, hata serikali ikapeleka wanajeshi mwaka 2023. Kwa hiyo tutamchukua mwenyeji wa kutuongoza, na kila jioni tutauliza habari za njia ya kesho kwa chifu au polisi. Tukiambiwa tusipite, tutapanda gari. Aidha, maji ya Ziwa Baringo yamepanda mno miaka ya karibuni, yakameza nyumba, shule na hoteli. Nyumba ya wageni iliyoko kwenye ramani ya zamani huenda leo imo ziwani. Tutapiga simu kwanza, na tutalala mbali na ukingo, maana viboko na mamba ni wenyeji wa hapo.

Ratiba hii niliipeleka Mombasa wiki mbili zilizopita. Naarifiwa kwamba dada sasa hutoka Kuze kila asubuhi hadi Mama Ngina na kurudi, akiwa amevaa viatu vile vile atakavyosafiria. Jana jibu lake limenifikia: "Kakangu, siku ya nne niwekee nafasi garini. Hizo sita nyingine natembea."