Mgeni wa Ulyankulu na Jembe la Siku ya Tatu

Rafiki yangu aliyekwenda Japani kwa masomo ya uzamivu huniandikia kila ifikapo Aprili. Habari zake za majira hayo hufanana: micheri imechanua, watu wametandika mikeka chini ya miti, yeye naye amealikwa, amekula, amecheka, kisha amerudi chumbani akiwa mgeni yule yule. Anasema wenyeji wake ni waungwana mno, na kwamba uungwana huo nao una umbali wake. Lakini maneno yaliyonikaa moyoni hayakuhusu maua. Yalihusu kadi. Mgeni anayeishi Japani kwa muda mrefu hupewa kadi ya ukaazi, huandikisha anwani yake katika ofisi ya manispaa ndani ya siku 14 tangu apate makazi, na huibeba kadi hiyo popote aendapo. "Hapa mimi ni mgeni," aliandika, "ila najua ni mgeni hadi tarehe ngapi."

Nasi huku Unyamwezi tuna majira ya kuchipua, japo hakuna mtalii anayekata tiketi kuja kuyatazama. Huja Septemba na Oktoba, jua likiwa kali na mvua ikiwa bado haijaanguka hata tone. Miyombo iliyokaa mikavu tangu Julai hutoa majani mapya, mekundu kama shaba, na msitu mzima hubadilika rangi kabla ya wingu la kwanza. Oktoba iliyopita nilisafiri kutoka Tabora kwenda Urambo hadi Kaliua katika rangi hiyo, nikiwa na barua ya rafiki yangu kichwani. Nilikuwa naelekea Ulyankulu.

Ndugu msomaji, huenda jina hilo unalijua kutoka kwenye taarifa za habari tu. Ulyankulu ni makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Makazi mengine ya watu hao, Katumba na Mishamo, yako upande wa Mpanda. Serikali iliwapa ardhi ya msitu, wakaufyeka, wakalima mahindi, maharage, muhogo na tumbaku. Wahenga walikwisha sema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tuliwapa jembe. Hawakuwa mzigo, katika miaka ya themanini makazi haya yalikuwa yakijilisha na kuuza ziada. Ila mtu aliyetaka kutoka nje ya makazi alihitaji kibali, na mtoto aliyezaliwa humo, akasoma kwa Kiswahili, akaimba wimbo wa taifa kila asubuhi shuleni, alikua akiitwa mkimbizi kama baba yake, ingawa yeye hakuwahi kukimbia popote.

Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walikubaliana kulimaliza jambo hili. Watu wakaulizwa: mnarudi au mnabaki? Wengi mno wakajibu wanabaki. Maombi ya watu wapatao 162,000 yakakubaliwa. Kisha likazuka sharti kwamba wahame makazi yao na kutawanywa katika mikoa mingine, na vyeti vikakaa makabatini. Vilianza kugawiwa Oktoba 2014, chini ya Rais Kikwete. Tangu 1972 hadi 2014 ni miaka 42. Jembe lilitolewa siku ya tatu, karatasi ikachukua maisha ya mtu mzima.

Sina nia ya kuidharau hatua hiyo. Ni nchi chache sana duniani zilizowapa uraia wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja, na mataifa tajiri yanayotuhubiria haki za binadamu hayajafanya hivyo. Swali langu ni la baada ya hapo: mtu akishapewa cheti, ugeni wake unaisha lini?

Tabora ndiyo mahali pa kuliulizia swali hili, kwa sababu mji huu umejengwa na wageni. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Pwani waliweka kituo chao Unyanyembe, mahali Burton na Speke walipofika Novemba 1857 wakapaita Kazeh, wakakirimiwa na tajiri Snay bin Amir. Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa mwaka 1872 akingoja wapagazi, na tembe alimokaa ni makumbusho hadi leo. Wamanyema walikuja, wengi wao si kwa hiari. Wahindi walikuja na maduka. Reli ilifika mwaka 1912, Wabelgiji wakauteka mji Septemba 1916. Miembe inayotupa kivuli barabarani ililetwa na misafara. Asili yake ni Bara Hindi, na hakuna ofisa aliyewahi kuidai cheti.

Na Wanyamwezi wenyewe? Walikuwa wageni wa watu kuliko wote. Walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo baada ya mavuno, wakahesabu siku ili warudi kabla ya mvua za kupanda, na wengine hawakurudi kabisa. Hata jina lao, kwa maelezo ya wanahistoria wengi, walipewa na watu wa Pwani. Msiri, mtoto wa upande huu wa nchi, alikwenda Katanga kwa biashara, akakaribishwa, akajenga ufalme wake Bunkeya na kuutawala hadi alipouawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold. Watu wake, Wayeke, wangali huko Kongo. Hatujasikia wakiambiwa warudi kwao Tabora.

Wapo wasomaji watakaonikumbusha, na ni haki yao, kwamba Msiri ni hoja inayoweza kugeuzwa: alikaribishwa, akawatawala waliomkaribisha. Na hapa Unyanyembe pia, Mtemi Mnywa Sere alipowatoza kodi wafanyabiashara, walimpiga vita wakamweka Mkasiwa mahali pake. Naikubali historia hiyo yote. Ila tuisome vizuri: wale walikuwa wageni wenye bunduki, mtaji na wapambe wa kuwakodi. Mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu, anayesubiri bei kwenye chama cha msingi, ana lipi kati ya hayo? Hofu ya mgeni mwenye nguvu tumeibebesha mgeni asiye na nguvu, huku yule mwenye mtaji tukimpokea uwanja wa ndege kwa ngoma.

Kuna neno moja ambalo kila nifundishapo historia ya misafara huwafanya wanafunzi wacheke. Hongo. Zamani lilikuwa tozo halali ambayo msafara ulimlipa mtemi ili upite katika nchi yake: ilijadiliwa hadharani, ikahesabiwa kwa nguo na shanga, na akishalipa mgeni alikuwa na haki ya maji na usalama. Leo tunajua neno hilo limekuwa na maana gani. Nani hulipa hongo ya maana hii mpya kwa wepesi zaidi? Ni mtu ambaye uraia wake unaweza kutiliwa shaka na karani yeyote, siku yoyote.

Shaka hiyo haiishii kwa wakulima. Mwaka 2001 mwandishi Jenerali Ulimwengu alitangaziwa na serikali kwamba si raia, baada ya kuitumikia nchi hii miaka mingi. Mwaka 2019 mwandishi Erick Kabendera alipokamatwa, jambo la kwanza alilohojiwa ni uraia wake, kabla hayajafuata mashtaka ya aina nyingine kabisa. Wanaharakati mnaosoma hapa mnajua somo lililokusudiwa: ukisema sana, tutamtafuta bibi yako alizaliwa ng'ambo ipi ya mto. Oktoba 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia, Mwalimu Nyerere aliwakabili wabunge waliotaka uraia upimwe kwa rangi, akawa tayari kuweka uongozi wake rehani. Sisi hatupimi kwa rangi. Tunapima kwa lafudhi na kwa jina la ukoo.

Sheria yenyewe si katili kama tunavyoitumia. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, ukikisoma kama kilivyoandikwa, kinamfanya raia mtu aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, kikiwatoa watoto wa wanadiplomasia wa kigeni na wa maadui waliovamia nchi. Utekelezaji, hata hivyo, umekuwa ukidai angalau mzazi mmoja awe raia. Ndiyo maana watu waliozaliwa Ulyankulu walilazimika kuomba kwa tajnisi kile ambacho maneno ya sheria yaonekana kuwa yalikwisha wapa tumboni mwa mama zao. Na raia wa tajnisi anaweza kuvuliwa uraia wake. Bunge likitaka kubadili maneno ya kifungu hicho, lijadili hadharani; lisiache mazoea ya ofisi yafanye kazi ya sheria.

Nilikwenda Ulyankulu kumtembelea mwanafunzi wangu mmoja. Wazazi wake wana vyeti vya mwaka 2014. Yeye alikwenda katika ofisi moja ya umma kuomba kitambulisho, akiwa na nakala za vyeti hivyo na barua ya mtendaji wa kijiji. Akaulizwa babu yake alizaliwa wapi. Akasema Burundi. Akaambiwa alete uthibitisho wa babu. Babu amekwisha fariki, na karatasi zake pekee zilikuwa za mkimbizi. Alirudi mara ya pili na ya tatu, mara zote kwa nauli ya kukopa. Mara ya mwisho karani, kwa sauti ya upole kabisa, alimuuliza, "Lakini kijana, wewe hasa ni wa wapi?" Akajibu, "Ulyankulu." Karani akatabasamu na kusogeza faili pembeni.

Ninyi watumishi wa umma mnaosoma hapa, wengine niliwafundisha. Cheti cha mzazi kilichotolewa na Jamhuri hakihitaji kuthibitishwa na mifupa ya babu. Mnaweza kulianza hilo Jumatatu asubuhi, bila waraka mpya na bila semina.

Nilimkuta kijana shambani, akimwagilia kitalu cha tumbaku kwa ndoo, maji akiyateka kisimani kwa sababu mvua ilikuwa bado. Nyuma yake miyombo ilikuwa myekundu. Nilimwambia habari za rafiki yangu wa Japani na kadi yake yenye tarehe ya mwisho. Akaweka ndoo chini, akafikiri kidogo, akauliza kama Japani wanapokea maombi.