Kufukuzwa sababu ya wimbo

Mwaka wa 2012 PSY, muimbaji wa Korea ya Kusini, alitoa wimbo «Gangnam Style», wa kuchekelea wale wanaojionyesha kama matajiri wa mtaa wa Gangnam, muji wa Seoul. Vijana wa inchi nyingi waliucheza, kila mumoja kwa namna yake.

Katika muji wa El Monte, kule California, watu 14 wa kazi ya kulinda wanaoogelea walitengeneza filimu yao kwenye pisini ya muji, wakivaa nguo za kazi. Walisema ilikuwa nje ya saa za kazi. Wakubwa wakawafukuza wote: eti nguo na pisini ni mali ya muji! PSY mwenyewe aliwaombea warudishwe.

Sisi tunauliza: nani alizama? Kijana akiacha kazi ili acheze, aonywe. Lakini mushahara unalipa mikono na masaa, haulipi kicheko. Kumunyima mutu mukate sababu ya muchezo, hiyo si kulinda mali.

Ndugu, siku kijana wa kwenu atakapofukuzwa kwa wimbo, musinyamaze. Musimame pamoja naye.