Nilivyotesa na 'Mama Moshi' pale Kashai

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa kwa fundi viatu pale Kashai, nasubiri soli. Mara nikasikia mlio. Rin-din-din-din! Weee! Niliruka kama kijana wa miaka ishirini, nikatoka mbio hadi barabarani nikiwa na soksi tupu. Vijana wa bodaboda wakadhani mzee kaibiwa.

Kumbe wapi! Jirani alikuwa anaangusha mparachichi wake kwa msumeno wa mafuta.

Lakini msinicheke. Injini ya msumeno ule na ya pikipiki yangu ya ujana ni ukoo mmoja. Ni injini za mapigo mawili, zile zinazounguza oili pamoja na petroli, zikatoa moshi wa buluu na mlio wa kuamsha mtaa mzima.

Nyie mliozaliwa juzi hamuwezi kuelewa. Mwaka 1989, kijana wa Kashai mwenye baiskeli alikuwa mtu. Mwenye pikipiki? Bwana, huyo alikuwa waziri asiye na wizara!

Yangu ilikuwa Yamaha DT 125. Niliinunua kwa bwana shamba mmoja aliyekuwa anastaafu, kwa fedha ya kahawa ya msimu mzima na nyingine ambayo sisemi nilikopa kwa nani. Bei pia siitaji, maana mama watoto anasoma gazeti hili. Madigadi yake ya mbele ilikaa juu kabisa, mbali na tairi, ili tope lipite bila kubana. Na tope la Bukoba mnalijua. Huku mvua haina adabu, na barabara zetu wakati ule, ukishatoka mjini, zilikuwa za udongo mwekundu. Ukifika unakokwenda, hata nyusi zimebadilika rangi.

Mtaani wakaibatiza 'Mama Moshi'.

Tulikuwa watatu. Mimi na Yamaha, mshikaji mmoja na Suzuki A100, na wa tatu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alikuwa na Honda CG 110. Ubishi wetu ulikuwa haumaliziki. Yule wa Honda alikuwa anasema zetu ni mashine za kusaga, yake ndiyo pikipiki. Mimi namjibu kwamba Yamaha ilianza na vinanda mwaka 1887, pikipiki ya kwanza wakaitoa mwaka 1955, ndiyo maana kwenye tangi kuna alama ya uma tatu za kupimia sauti. Kwa hiyo yangu haipigi kelele, inaimba! Yeye anacheka, anapiga kiki moja tu, Honda inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Jumapili baada ya ibada ndiyo ilikuwa siku yetu ya kutesa. Tunapita Hamugembe, tunashuka ziwani, tunakatiza mbele ya uwanja wa Kaitaba mara mbili bila sababu yoyote, ili tuonekane. Msimu wa senene ndio ulikuwa balaa. Ukiwasha taa usiku, wanakufuata wenyewe. Unafika nyumbani na mboga kwenye kola ya shati.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Mjapani aliiwekea DT tangi dogo la oili pembeni, na pampu ya kuchanganya yenyewe. Kazi ya mwenye pikipiki ni moja tu, kujaza. Siku niliyompata mrembo mmoja wa kwenda naye Kemondo kula samaki, nikaamka alfajiri. Nikaosha pikipiki, nikang'arisha spoku moja moja, nikajipulizia manukato mpaka kuku wa nyumbani wakapiga chafya. Oili sikukumbuka.

Njiani, tukiwa tumeshachanganya, pistoni ikabana. Tairi la nyuma likagoma, pikipiki ikaserereka. Nikawahi klachi, tukanusurika. Mrembo akashuka, akanitazama, akasimamisha lori la ndizi, akapanda mbele kwa dereva. Alinipungia mkono, nakumbuka mpaka leo. Niliisukuma Mama Moshi hadi jioni.

Fundi alipoifungua akanuka shati langu, akatikisa kichwa. "Waitu, mashine hainywi manukato."

Tangu siku hiyo sijawahi kupanda chombo bila kukagua oili.

Lakini miaka hiyo, msomaji wangu, Kagera haikuwa ya kutesa tu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983 pale Ndolage, Muleba. Mwanzoni watu wetu waliuita Juliana, jina la vazi lililokuwa likitoka Uganda. Wakati sisi tunatamba na pikipiki, hakukuwa na mtaa usio na msiba. Dawa za kurefusha maisha hatukuwa nazo. Mpango wa taifa wa kuzitoa bure ulikuja kuanza mwaka 2004.

Mwaka 1991 yule mshikaji wangu wa Honda akaanza kukonda. Watu wakaanza kumkwepa, kikombe chake kikatengwa. Na mimi? Nakiri leo. Wiki tatu sikupita kwake, wakati nyumba yake naiona dirishani kwangu. Nilikuwa nazunguka mtaa wa nyuma, nazima injini, nasukuma pikipiki asisikie mlio.

Akamtuma mtoto: "Mwambie nasikia anavyozima."

Nilikwenda, miguu mizito. Hakunilaumu. Alitaka kitu kimoja tu, kupelekwa kwa mama yake Kamachumu. Basi hataki. "Watanitazama," akasema.

Hakuwa na nguvu ya kunishika. Tukafungwa pamoja kwa kitenge, kifua chake mgongoni kwangu, nikaondoa gia ya kwanza taratibu. Alikuwa mwepesi kama begi la shule. Kila shimo nililizunguka. Njia niliyozoea kuikata kwa mbwembwe, siku ile niliitembeza kama nimebeba mayai. Tulipita Kemondo, tukafika Muhutwe, tukaanza kupanda. Kwenye mlima Mama Moshi akalia kwa sauti yote, na mimi nikahisi mshikaji anatikisika mgongoni. Nikaogopa. Kumbe anacheka.

"Si nilikwambia," akaninong'oneza, "ungekuja na Honda yangu."

Mama yake alitupokea mlangoni. Hakuuliza kitu. Alifungua kile kitenge yeye mwenyewe, polepole, akasema, "Asante, waitu, umeniletea." Hakumaliza mwezi.

Yamaha niliiuza mwaka 1994, mtoto wa kwanza alipozaliwa. Wa Suzuki yuko Mwanza, babu mzima, tukipigiana simu bado anabisha. Na yule wa Honda kumbe alikuwa na haki. Wajapani waliitengeneza familia ile ya CG miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi za vumbi, zenye watu wasiopenda kukagua oili, kama mimi. Pikipiki nyingi za Kichina mnazoendesha leo, injini zake zimeigwa kutoka hiyo hiyo CG. Kila bodaboda ikipita Kashai asubuhi, namsikia mshikaji wangu akiniambia, "Unaona sasa?"

Kwa hiyo wadogo zangu, teseni, ujana haurudi. Pakieni mishkaki mkamatwe, shauri yenu. Ila siku mkiombwa kumbeba mtu ambaye wengine wanamkwepa, msizime injini mtaa wa nyuma. Mwenzenu nilishazima, na wiki zile tatu hakuna fundi wa kunirudishia.

Viatu nilivifuata jioni. Fundi akanidai na pesa ya kunilindia. Tukutane wiki ijayo.